Mtoto ana cheti cha kuogelea lakini hajui kuelea

Karibuni tena kwenye ukurasa wetu wa maswali ya wazazi. Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu watoto na maji kwa sababu kifuku kinakaribia, nikajua yataishia hapo, kumbe nimefungua koki. Meseji zimekuja nyingi mpaka nimeamua ukurasa wote wa mwezi huu uwe wa maji. Najua kuna mtu wa Tanga au Bagamoyo atashangaa, Dodoma na kuogelea wapi na wapi, mji wenyewe maji ya kuoga watu wananunua kwa dumu. Lakini jamani jina la mji huu limetoka wapi? Wazee wa Kigogo wanasimulia tembo alikuja kunywa maji akadidimia kwenye tope, watu wakasema idodomya, amezama. Hapa kwetu maji ni machache kwa mwaka mzima halafu yanakuja yote kwa miezi minne mitano, na mtoto ambaye hajayazoea ndo anakutana nayo siku hiyo hiyo yana nguvu.

Nimechagua barua tano, nimefupisha mahali pengine.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili nakaa Kisasa. Binti yangu wa miaka 9 nilimpeleka darasa la kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini, kila jumamosi kwa miezi mitatu, nimelipa hela ya maana kwakweli, mwisho akapewa cheti kimeandikwa amefika leveli ya tatu. Desemba tukaenda kwa shangazi yake Mwanza, pale pembeni tu ya ziwa akateleza akaingia palipomzidi kimo. Mtoto alikuwa wima majini, mikono inapiga juu, mdomo wazi, hatoi sauti, binamu yake ndo akamvuta. Nikimuuliza alifundishwa nini ananiambia kupiga miguu akiwa ameshika ubao na kuvuka bwawa upande wa kina kifupi. Hivi hizo leveli nani anazipanga? Kuna kipimo ambacho mzazi anaweza kukishika akasema mwanangu anajua au hajui? (Mama wawili, Kisasa)

Marahaba mama, na pole sana, na mshukuru sana huyo binamu. Kwanza nikushukuru kwa jinsi ulivyoelezea, maana hivo ulivyomuona mwanao ndivyo mtu anayezama anavyokuwa. Kwenye sinema mtu anapiga kelele nisaidieni nisaidieni, kwenye maji ya kweli hana pumzi ya kupigia kelele, mdomo unazama unaibuka, pumzi kidogo anayopata anaitumia kupumua. Watu wazima wanakuwa wamekaa hatua kumi kutoka hapo wanapiga stori na hawajui.

Sasa leveli. Leveli ya tatu ya bwawa moja sio leveli ya tatu ya bwawa lingine, kila kocha ana zake. Nimeona mahali ambapo leveli ya tatu ni kuvuka bwawa kwa fristaili, ule mtindo wa kurusha mkono mmoja mmoja, na mahali pengine ni kuingiza kichwa majini bila kulia. Sisemi makocha ni wabaya, wengi nimewaona wanajituma na watoto wanawapenda, ila wanafundisha mchezo. Walifundishwa wao wenyewe kama wachezaji, kwahiyo wanafundisha mkono uende vipi, mguu upige vipi, kupumua upande. Ni vitu vizuri. Mtoto aliyeteleza ziwani havimsaidii kama hajui kwanza kuibuka, kutulia na kuelea.

Nchi zilizoumia na jambo hili zilifika mahali zikasema hapana, tuandike kipimo kimoja, mtoto wa kaskazini na wa kusini apimwe sawa. Canada wana kipimo kifupi nakipenda sana: mtoto anabiringika kuingia kwenye maji ya kina kirefu, anajishikilia juu ya maji kwa dakika 1, halafu anaogelea mita 50, basi. Angalia mpangilio wake mama, hawaanzi na kuogelea, wanaanza na kuanguka, kwa sababu watu wanaozama wengi hawakupanga kuingia majini siku hiyo. Uingereza, upande wa England, imo kabisa kwenye mtaala wa shule ya msingi, mtoto akimaliza darasa la sita la kwao awe anaogelea mita 25 bila kusitasita, anajua mitindo tofauti, na anaweza kujiokoa mwenyewe kwenye mazingira mbalimbali ya maji. Australia wao wanapima akiwa na miaka 12, mita 50 mfululizo na kukaa juu ya maji dakika 2. Uholanzi nchi nzima ni mifereji, watoto wanafanya mtihani wa diploma wakiwa wamevaa nguo na viatu, maana nani anaanguka mtoni akiwa amevaa nguo ya kuogelea?

Na msiseme hao ni matajiri. Bangladesh sio tajiri na ina watoto wengi vijijini kuliko sisi. Wao walijenga majukwaa ya mianzi ndani ya madimbwi ya kijiji, wakafundisha vijana wa hapo hapo kuwa walimu, na kipimo chao ni mita 25, kuelea sekunde 30, na kumuokoa mwenzako bila wewe kuingia majini. Hicho cha tatu ndicho kinachonigusa zaidi na nitakirudia huko chini.

Kwahiyo ukiunganisha hizo nchi zote unakuta zinasema kitu kimoja kwa lugha tofauti. Mtoto aingie kwa kushtukizwa palipomzidi kimo, aibuke, ageuke atafute ukingo uko wapi, aelee au akanyage maji, yaani achezeshe miguu na mikono kichwa kibaki juu, angalau dakika moja bila kushika chochote, aende mita 25 kwa mtindo wowote hata kama ni wa kubabaisha, na atoke majini kwa mikono yake bila kupanda ngazi. Akifanya hivyo bwawani, rudia siku nyingine akiwa na sketi na shati la shule. Mimi nikipewa kalamu leo niandike kipimo cha watoto wa Tanzania naandika hicho, na cha kumuokoa mwenzako bila kuingia majini, sio zaidi. Fristaili na kipepeo vibaki kwa Chama cha Kuogelea na wanaotaka mashindano, huko wana kazi yao nzuri. Cha kujiokoa kiwe ni kazi ya Taasisi ya Elimu inayoandika mitaala yetu wakikaa meza moja na Zimamoto na Uokoaji ambao ndo wanaoitwa kwenda kutoa miili, wao wanajua watoto wanafia wapi na wakiwa wanafanya nini.

Lakini wewe usisubiri meza hiyo. Rudi kwa kocha, sio kwa ugomvi, mwambie naomba nimuone mwanangu akielea dakika moja upande wa kina kirefu na wewe ukiwa majini pembeni yake. Akikwambia hilo tunafanya leveli ya tano au sita tafuta kwingine, kuelea ni somo la wiki za mwanzo. Muulize pia wakati anafundisha watoto wale wengine wanasubiri wapi, maana nimeshuhudia kocha mmoja ana watoto kumi na nne, wanne anawafundisha, kumi wanachezea ukingoni nyuma ya mgongo wake. Angalia kama kuna mtu mwingine ambaye kazi yake ni kuangalia tu, hana simu mkononi. Angalia maji, kama huoni sakafu ya bwawa upande wa kina kirefu mtoto asiingie, hata kama wanasema dawa imewekwa jana, mtoto akizama kwenye maji ya ukungu hakuna atakayemuona.

Na yale mabawa ya upepo ya kuvaa mikononi yavue. Yanamfundisha kusimama wima majini, ndivyo alivyokuwa mwanao kule ziwani.

Kuelea unaweza kumuelekeza mwenyewe kwa maneno kabla hajarudi bwawani. Kichwa nyuma mpaka masikio yaingie majini, uso uangalie mbinguni, tumbo juu, mikono ifunguke pembeni kama amelala kitandani kwake, apumue taratibu. Miguu ikizama kidogo aiache, mikono ipapase maji polepole. Watoto wengi wanashindwa kwa sababu wanainua kichwa kuangalia mama yuko wapi, kichwa kikiinuka tu kiuno kinazama.

SWALI: Habari mwl. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi nane. Nimeona video watoto wadogo kabisa wanatupwa kwenye maji wanageuka wanaelea wenyewe. Nikimpeleka akajifunza hivo si nitakuwa na amani? Nyumbani tuna ndoo na pipa za kuhifadhia maji maana yanatoka mara mbili kwa wiki. (Mama Junia, Nkuhungu)

Hapana mama, hutakuwa na amani na usiwe nayo. Kumzoesha maji kuanzia mwaka mmoja sio vibaya ukiwa umemshika, madaktari wa watoto wa Marekani wanaruhusu, ila hakuna darasa linalomfanya mtoto wa umri huo asizame. Shirika la Afya Duniani linapoongelea kufundisha kuogelea linaanzia watoto wa miaka 6 na kuendelea, chini ya hapo wanasema kitu kingine kabisa, weka kizuizi kati ya mtoto na maji, na mtoto awe na mtu mzima anayemwangalia. Na hawa wadogo ndo wengi, karibu robo ya wote wanaokufa maji duniani ni watoto wa chini ya miaka 5.

Umetaja mwenyewe ndoo na pipa, hapo ndipo pa kuangalia. Mtoto wa umri wake kichwa ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akiinama kwenye ndoo kuchezea maji anaingia kichwa chini na hana nguvu ya kujitoa, na ndoo ya plastiki ikiwa imejaa haipinduki. Kina cha maji ya kumzamisha hakifiki hata urefu wa kidole chako. Funika mapipa kwa mfuniko wa kubana na juu weka kitu kizito, beseni la kufulia mwaga ukimaliza kufua hata kama ulipanga kuyatumia kudekia, weka kwenye ndoo nyingine yenye mfuniko. Mlango wa bafuni ufungwe kwa komeo la juu. Kama jirani anajenga na kuna shimo la choo au kisima cha ardhini hakijafunikwa, nenda ukamwambie leo, usione aibu.

SWALI: Shikamoo mwalimu mwenzangu. Nafundisha shule ya msingi moja wilaya ya Bahi. Bwawa la kuogelea watoto wangu hawajawahi kuliona hata kwa picha. Wakati wa mvua wanaogelea kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe na kwenye mashimo yaliyoachwa na waliochimba kifusi cha barabara, na wengine wanavuka korongo kuja shule. Mwaka juzi tulimzika wa darasa la nne. Nikiongea na wenzangu wanasema tuwachape wasiende. Nimewachapa, wanaenda. Nifanye nini mimi mwenye chaki tu? (Mwalimu wa zamu, Bahi)

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Nikuambie kitu ambacho huwa sikiandiki. Nilipokuwa darasa la tano tulikuwa wanne tunaotoka pamoja shule, njia yetu inakatiza korongo ambalo miezi nane ya mwaka ni mchanga mkavu, tunacheza mpira humo. Siku hiyo kwetu jua linawaka, mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, hatukujua. Tulisikia mlio kama lori linakuja. Watatu tulirudi nyuma, mmoja alikuwa ameshafika katikati akaamua kumalizia. Mwenzetu mwingine akarudi kumfuata, yeye tulimshika shati, na nadhani kama shati lingechanika tungezika wawili. Sasa hivi nina watoto wangu mwenyewe na bado nikiona korongo kavu naangalia kwanza huko linakotoka.

Ndo maana nakwambia fimbo haisaidii. Sisi tulichapwa pia. Mtoto anaenda kwenye maji kwa sababu jua ni kali, kwa sababu ana ng'ombe wa kunywesha, kwa sababu njia ya shule inapita hapo. Kumchapa kunamfundisha kwenda kwa siri, na anayeenda kwa siri akizama wenzake wanakimbia wanaogopa kusema, dakika zinapita.

Na chaki inatosha kwa mengi. Kuna sehemu ya vipimo nilivyotaja juu ambayo haifundishwi ukiwa umelowa, inafundishwa nchi kavu. Anza na hiki cha Bangladesh, kumuokoa mwenzako bila kuingia majini. Hapa kwetu watoto wanakufa wawili wawili, mmoja anazama, kaka yake anaingia kumtoa, anayezama anamkumbatia shingoni wanaenda wote. Watoe nje uwanjani, chora duara kubwa kwa chaki au majivu uite lambo, mweke mmoja katikati, wengine wamtoe na hakuna ruhusa ya kukanyaga mstari. Watagundua wenyewe: fimbo ya kuchungia ng'ombe mmoja anailaza chini tumbo likiwa ardhini anamnyooshea, kamba ya mbuzi inarushwa, dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko linarushwa na linaelea, mtu analikumbatia. Khanga mbili zilizofungwa fundo. Fanya mara kumi, kila muhula, mpaka mikono yao izoee, na kabla ya yote mmoja awe anakimbia kuita mtu mzima huku anapiga kelele. Ukipata kibali cha kijiji, acha dumu na kamba vining'inie kwenye mti karibu na lambo, mseme kwenye mkutano wa kijiji kwamba havichukuliwi.

Kisha korongo. Wafundishe kwamba maji yanayotembea hayapimwi kwa macho. Yakifika kwenye vifundo vya miguu na yana kasi yanaweza kumuangusha mtu mzima, sentimita 15 tu, mtoto ndo usiseme, na yakifika sentimita 60 yanabeba magari mengi. Mvua ikionekana upande wa juu, au maji yakibadilika rangi ghafla, yakaanza kuja na majani na vijiti, hapo hakuna kuvuka, hata kama kengele ya shule imelia. Na hapa naomba wewe na mwalimu mkuu mtoe tamko mbele ya wazazi kwamba mtoto aliyechelewa au hakuja kwa sababu ya korongo haulizwi wala hapewi adhabu. Mtoto anayeogopa fimbo ya kuchelewa atavuka tu. Hili halihitaji bajeti, linaweza kuanza jumatatu.

Mashimo ya kifusi yana hatari yake tofauti, ukingo ni wima na udongo unateleza, mtoto anaingia hatua moja magotini, ya pili kichwani, na kutoka hawezi maana hakuna pa kushika. Hayo mpelekeeni mwenyekiti wa kijiji kwa barua, aliyechimba anatakiwa ayafukie au alaze kingo zake, mkishindwa wekeni uzio wa miiba, miiba tunayo.

Sasa najua utaniuliza, je niwafundishe kuogelea kwenye hilo lambo kama Bangladesh? Hapo naomba usubiri. Wenzetu wale walijenga jukwaa lenye sakafu na uzio, na mwalimu alipewa mafunzo kabla ya kushika mtoto. Lambo letu lina tope la kwato za ng'ombe, huoni chini, na maji yaliyotuama yenye konokono yana kichocho, Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye kichocho kingi zaidi Afrika. Ukiwa jirani na Mtera ongeza mamba na viboko. Siku halmashauri yenu ikikubali kujenga hata kibwawa kifupi cha saruji kwa shule tano tano zibadilishane nitakuwa wa kwanza kuja, na mje na hicho kipimo cha mita 25. Kwa sasa fundisha uwanjani.

Wanaosema hizi ni habari za pwani waambie mambo haya yana siku yake, Umoja wa Mataifa mwaka 2021 ulitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia watu kufa maji, na Shirika la Afya linakadiria mwaka huo huo watu laki 3 walikufa maji duniani, tisa kati ya kila kumi ni kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Sisi tunaikumbuka MV Bukoba, tunaikumbuka MV Nyerere, zilizozama na watu Ziwa Victoria, na ni haki. Mtoto wako wa darasa la nne hakuwa na meli wala redio haikumtangaza.

SWALI: Assalaam alaykum. Natokea Kondoa, nina mabinti watatu. Baba yao hakatai wajifunze ila anasema nguo za kuogelea hazina stara na walimu wote ni wanaume. Je tuache? (Ummu, Kondoa)

Waalaykum salaam mama. Msiache. Kule Nungwi Zanzibar kuna mradi unaitwa Panje, umefundisha mabinti wa Kiislamu kuogelea wakiwa wamesitirika kichwa mpaka miguu, na umewaandaa wanawake wa hapo hapo kuwa walimu wa wenzao. Na nimeeleza juu jinsi Waholanzi wanavyowapima watoto wao wakiwa na nguo. Kwahiyo kwa kipimo cha kujiokoa, stara sio kikwazo, binti anayejua kuelea akiwa na nguo ndefu amejua zaidi kuliko yule wa nguo fupi. Kinachohitajika ni nguo isiwe pana sana ikajaa maji, suruali ya kubana kiasi na blauzi ya kitambaa chepesi, mtandio wa kuvutika kichwani badala ya uliozungushwa shingoni. Kujipanga ni kukusanya akina mama kumi, mnakodi bwawa saa ambazo mko peke yenu, na mwalimu wa kike akikosekana lipieni dada mmoja asomee, atawalea miaka. Mimi nadhani uhaba wa walimu wa kike ndo tatizo kubwa kuliko nguo, na kiwango chochote cha taifa kitakachoandikwa kama hakitasema walimu wa kike watapatikana vipi kitakuwa kimewaacha nusu ya watoto.

SWALI: Kaka mambo, mi dereva bodaboda Ihumwa. Mwezi wa pili tulimtoa dogo kwenye dimbwi amelegea, wazee wakamshika miguu wakamning'iniza kichwa chini wanamtikisa maji yatoke, wengine wanamkandamiza tumbo. Mi nilipakia tukakimbiza hospitali lakini hakufika. Usiku huwa naiona ile sura. Tulikosea wapi? (Boda, Ihumwa)

Poa mdogo wangu, pole sana, pole kutoka moyoni. Mlikimbia kumsaidia wakati wengine wangesimama kupiga picha, na hicho kifo sio chako. Sitakwambia angepona, hakuna anayeweza kukwambia hilo. Nitakwambia cha kufanya mara nyingine na uwafundishe wenzako wa kijiweni, maana nyie boda mnafika kila mahali kabla ya ambulansi.

Kumning'iniza na kukandamiza tumbo tuache, maji yanayotoka ni ya tumboni, kinachomuua ni kukosa hewa na kila sekunde ya kumtikisa ni sekunde hapumui, na matapishi yanaweza kurudi kwenye mapafu. Mlaze chali kwenye ardhi ngumu. Mwite, mguse. Kama haitiki na hapumui vizuri inua kidevu kichwa kirudi nyuma kidogo, ondoa tope unaloliona mdomoni, bana pua, weka mdomo wako juu ya mdomo wake na mpulizie pumzi tano, kila moja uone kifua kinainuka. Aliyezama anaanza na pumzi, tofauti na aliyeanguka ghafla kwa sababu moyo umesimama. Halafu katikati ya kifua bonyeza mara 30 kwa nguvu na haraka, kama mara mbili kwa sekunde, mtoto mdogo tumia mkono mmoja, kifua kizame theluthi ya unene wake, kisha pumzi mbili, tena 30, tena mbili. Usiache mpaka apumue au mhudumu akupokee. Mwingine ndo apige 114 ya Zimamoto na atafute gari.

Na hii muhimu kwako wewe wa bodaboda: pumzi zianze hapo hapo kwenye tope, kabla ya safari. Kwenye pikipiki huwezi kumpulizia mtu. Gari likipatikana mmoja aendelee nyuma wakati mwingine anaendesha. Na hata akizinduka, akakaa, akaomba maji ya kunywa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo aangaliwe kwa saa kadhaa, maana mapafu yaliyoingia maji yanaweza kubadilika baadaye.

Kuhusu usiku, nenda ukaongee na mtu, hospitali kubwa zina washauri na hawakuulizi kabila wala kazi. Ukikosa wa kukuelekeza andika tena hapa, barua yako nitaijibu kwanza.